Ndege ya Jumatatu Juu ya Chai Yetu

Kutoka Nairobi hadi Kisumu ni dakika arobaini na tano kwa ndege. Kwa barabara ni saa sita au saba, na ukikuta malori yamefuatana pale Londiani, tupa hesabu zako. Nilijigamba sana na dakika zangu hizo. Kila Jumatatu chuo ninachofundisha Kisumu kilinilipia tiketi, Jumanne jioni nikarudi Nairobi, na katikati ya safari, chini kabisa, palikuwa kwetu Kericho.

Mama ndiye aliyegundua kwamba ndege hiyo inapita juu ya shamba letu la chai. Tangu hapo, ikifika saa saba mchana, alivua aproni yake ya manjano ya kuchumia chai akaipunga. Jioni ananipigia simu.

"Uliniona?"

"Nilikuona, Mama."

"Basi shuka siku moja. Maziwa yako ya mursik yamegandia kwa kibuyu mpaka yananikasirikia. Mtu wa huko juu nitampa na kikombe gani?"

Tunacheka. Mimi kwa kucheka sijambo! Kutoka Kisumu hadi kwetu ni saa moja na nusu tu kwa gari, lakini nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, mikutano, uchovu, sijui nini. Miaka miwili ikaenda hivyo. Na hamu nilikuwa nayo, jamani, hamu ya kumwona, hamu hata ya harufu ya moshi kwenye sweta yake, na kila wiki nampita juu ya kichwa.

Jumatatu moja mwaka huu ndege ikajaa, nikakosa nafasi. Niliondoka na gari asubuhi nikinung'unika, nikanung'unika mpaka chai ilipoanza kunifuata pande zote mbili za barabara. Hapo nikasema, liwe liwalo, leo napitia kwa Mama. Sikumpigia simu. Nilitaka ashtuke.

Nyumbani hakuwepo, nikateremka shambani. Alikuwa katikati ya chai, amenipa mgongo. Nilipofungua mdomo nimwite, nikasikia ndege.

Akatua kikapu haraka, akavua aproni, akaipunga kwa mikono miwili. Aligeuka polepole akiifuata ndege, hata akafika upande wangu.

"Woi! Ni wewe?" Akatazama juu, akanitazama tena. "Sasa nimepungia nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Na hizo siku zingine, ulikuwa unaniona kweli?"

Ndani ya ndege mimi hupenda kiti cha kando ya njia, mbali na dirisha, nishuke upesi. Mara nyingi hata macho nilikuwa nimeyafumba. Na ningechungulia dirishani, aproni ningeionaje kutoka kule? Uongo ulikuwa tayari mdomoni, lakini nilimwangalia, nikashindwa.

"Hapana, Mama. Sikuwahi kukuona."

Akaikung'uta aproni, akaifunga kiunoni, akanipa kikapu nibebe.

"Haya, twende unywe maziwa," akasema. "Mimi nilikuwa nakuona."