Siku Mama Alipotikisa Waini ya Mkwe

Mzee wa watu alikuja na chupa moja tu, na alivyoikumbatia akishuka kwa gari utadhani ni mtoto mchanga. Alikuwa baba ya kijana wa Australia anayemwoa binti ya kaka yangu. Alifika kwetu, huku juu ya Mogogosiek, jioni ya kuamkia koito, ile siku ya familia mbili kukaa chini na kukubaliana mambo ya ndoa. Mimi, shangazi ya msichana na mwalimu mstaafu, nikapewa kazi ya kutafsiri. Kazi gani hiyo! Ukikosea unalaumiwa, ukipatia hakuna anayekusikia.

Akaisimamisha chupa juu ya kabati, akaeleza polepole. Ilikuwa waini nyekundu ya kwao. Mkewe alinunua mbili mwaka ambao kijana wao alizaliwa. Moja waliinywa hapo hapo, ya pili mke akasema isiguswe mpaka kijana aoe. Sasa mke hayuko, saratani ilimchukua, na mzee ameivusha bahari ikiwa imefungwa ndani ya sweta. Alitaka kitu kimoja tu: kuionja vile mke alitaka aionje. "Imekaa sana," akasema, "imefanya mashapo meusi chini. Tafadhali isitikiswe."

Nilitafsiri yote, haki ya Mungu. Mama yangu, ambaye kila mtu hapa anamwita kogo, yaani nyanya, alisikiliza akiitikia kwa kichwa. Ameokoka tangu usichana, pombe hajawahi kuonja, nikadhani atasema hiyo kitu ilale nje. Kumbe alichosikia ni kwamba imekaa miaka mingi na chini kuna kitu cheusi. Macho yakamwaka. Ningejua!

Asubuhi nikitoka kukama, nikamkuta sebuleni ameshika chupa kwa mikono miwili, anaitikisa huku na huku kama kibuyu cha mursik. Mursik ni maziwa tunayolaza kwenye kibuyu kilichopakwa unga wa mkaa. Usipotikisa, uzito wote unabaki chini na mgeni anakunywa maji-maji. Hiyo ni aibu ya kukufuata mpaka kaburini.

"Mama! Si nilikwambia amesema isitikiswe?"

"Nilisikia. Mwanamume atajua nini mambo ya kulaza? Angewapa watu maji ya juu, waseme mkwe ni mchoyo. Nimemfichia aibu."

Wee! Hasira zangu watu wanazijua, na kama huzijui waulize niliowafunza darasa la sita. Nilitafuta mtu wa kugombeza nikaona aliyebaki ni mama mzazi. Hapo ndipo mzee akatokea mlangoni na soksi zake. Hakupiga kelele. Rangi ilimtoka tu usoni, na yenyewe haikuwa nyingi. Mama akamkabidhi chupa akitabasamu. "Mwambie iko tayari."

Nikamwambia, na habari ya mursik nikamweleza yote. Akauliza, "Alitaka kunisaidia?" Nikasema ndio. Akaiinua chupa dirishani akaiangalia: tope tupu, kama mto wakati wa mvua ndefu. Nilimhurumia mpaka nikakosa chai ya asubuhi.

Ikasimamishwa tena, na mimi nikaweka kiti kando yake kama askari wa benki. Wazee wakaja, wakaomba, wakazungumza ng'ombe, wakala. Mvua ya alasiri ikapiga mabati hadi tukawa tunaongea kwa mikono. Yeyote aliyepita karibu na kabati nilimfokea, hata mchungaji.

Jioni waini ilikuwa bado na ukungu ndani ya chupa. Mzee akasema basi, ifunguliwe, siku ni leo. Kizibo kikakatikia ndani. Nikakimbia jikoni nikaleta kichungi cha chai na kitambaa cheupe kipya, na hivyo ndivyo waini ya miaka thelathini na kitu ilivyochujwa huku kwetu Konoin, kama chai ya kikao cha akina mama. Mzee akawamiminia maharusi, wakanywa, wakamkumbatia, wakaenda kupigwa picha. Akajimiminia yake, akazungusha kikombe, akanusa, akavuta kwa sauti.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Inanukia ngozi, tumbaku na matunda makavu."

"Ngozi! Na bado anainywa? Maskini."

Nami nilionja kijiko kimoja. Wa kanisani mnisamehe, na msiponisamehe shauri yenu. Ilinishika ulimi kidogo kama chai ya rangi iliyokolea, kisha ikalegea, ikawa pole, ikaacha harufu ya majani ya chai yanaponyauka kiwandani. Na vumbi kidogo kooni. Hilo vumbi lilikuwa la mama.

Halafu mzee akamimina kikombe cha mwisho, akakiweka mbele ya kiti kitupu. Akakiangalia tu. Midomo ikaanza kumtetemeka, na wazee wetu wote waliookoka wakageukia soda zao.

"Hicho ni cha nani?" mama akaninong'oneza.

"Cha marehemu mkewe."

"Na nani atakunywa?"

"Hakuna, mama."

"Ati hakuna? Kimiminwe nyumbani kwangu, kisha kimwagwe?"

Akainuka na fimbo yake, akakalia kile kiti, akakishika kikombe kwa mikono miwili na kukimaliza chote. Mchungaji akakohoa. Uso wa mama ukakunjamana kama mtoto aliyepewa dawa ya minyoo.

"Ni chungu sana," akaniambia. "Hiyo usitafsiri."

Akapangusa mdomo, akamgeukia mzee. Kwetu mtu hasifu maziwa, anamshukuru mama mwenye kibuyu.

"Sasa tafsiri. Mwambie mke wake alijua kulaza."

Nilijua chupa ilitoka dukani, mdomo wangu wenyewe ndio ulikuwa umetafsiri. Nikaufungua nimsahihishe mama, nikaufunga. Nikamwambia mzee vile nilivyotumwa, neno kwa neno.