Mashine Iliyosahau Siku za Mayai

Mimi niliishia darasa la tatu. Nyumba hii ya Lumino niliijenga kwa kuuza samaki wa Majanji, nikiwabeba kwa baiskeli, kwa hiyo sipendi kufundishwa na chombo.

Kideri kilimaliza kuku wetu wote. Ilikuwa mbegu aliyoniachia mama. Yalibaki mayai thelathini na hakuna wa kuyalalia. Binti yangu, ambaye huandika programu za kompyuta kule Tororo, akaniletea sanduku la kuangulia, la stima.

"Baba, ndani iko taima mbili. Moja inarudia: kila saa nne inageuza mayai. Nyingine inahesabu siku kurudi nyuma, kutoka ishirini na moja. Zikibaki tatu, inasimamisha ile ya kugeuza, vifaranga vijipange kutoka."

"Kuku alijua hayo bila stima."

"Na kuku yuko wapi, mzee?"

Nikaenda kuleta mayai.

Tulianza Jumatano jioni. Kila asubuhi nilichora mstari wa mkaa ukutani. Mistari ilipofika ishirini na mmoja, mashine ilisema zimebaki siku kumi na nane, na trei ya mayai ilikuwa bado inapinduka. Nikampigia binti simu. Alifika kwa boda kabla ya saa sita.

"Baba, uliizima?"

"Jumapili tu. Moto hauachwi peke yake nyumbani watu wakiwa kanisani. Niliyafunika blanketi."

"Jumapili zote?"

"Mimi nasali Jumapili zote."

Alicheka, kisha akakaa chini. Kila nilipochomoa plagi, alisema, mashine ilisahau ilikofika, ikaanza upya ishirini na moja. Zile siku tatu za mwisho haikuzifikia kamwe. Iliendelea kuwapindua watoto waliokuwa wanatafuta mlango.

"Kosa ni langu, Baba. Sikuiandikia mahali pa kukumbuka."

Ningeweza kusema ni langu pia. Sikusema. Alichomoa waya wa mota ya kugeuza, akaacha moto uendelee. Tukakaa mchana kutwa tukisikiliza maganda. Ndani ya yai moja kulikuwa na mlio mdogo. Ukakoma.

Hadi Ijumaa walikuwa wametoka vifaranga watano. Mayai mengine niliyafukia nyuma ya choo, na mgongo uliniuma kwa shimo dogo vile.

"Tutaanza tena, Baba."

"Anza wewe. Mimi nimeanza mara nyingi."

Lakini maji ya wale watano niliyabadilisha mwenyewe.