Kitufe cha Upande wa Chini

Laiti ningalisema hapana siku ile kaka aliponiita nibonyeze kitufe cha pili. Nilisema ndiyo, tena kwa furaha.

Nilikumbuka juzi, mjukuu wangu aliponionyesha kwenye simu yake meza ya vitufe ya kituo cha treni. Ile ya mgodi wetu wa Walikale ilikuwa na vitufe viwili tu, vilivyotengana hata mikono ya mtu mmoja isivifikie vyote. Kaka, aliyefanya kazi hapo, alitazama reli upande wa juu, mwenzake upande wa chini, ndipo wakabonyeza pamoja na vigari vya mawe vikashuka mlimani.

Alasiri ile mwenzake alikuwa amekwenda kula. Chumba cha vitufe kilinuka grisi na mvua.

“Petit, kuya unisaidie. Finya hapa,” kaka aliniita mimi mdogo wake, akinionyesha kitufe cha mwenzake.

“Iko nguvu, kaka?”

“Hata mutoto anaweza. Ao unaogopa?”

Nilidhani vitufe ni viwili kwa sababu mashine ni nzito, kama watu wawili wanavyobeba gunia moja. Sikujua kwamba kubonyeza ni kusema: nimetazama upande wangu, hakuna mtu. Nilibonyeza kwa vidole gumba vyote viwili, nikacheka niliposikia kamba ya chuma ikilia. Dirishani, kutazama reli upande wa chini, sikwenda.

Mvua ikinyesha, wanawake wa kwetu walipita kwenye reli kwa kukwepa tope. Mama alikuwa akipanda kutoka chini, amembebea kaka chikwange, mkate wa muhogo uliofungwa kwa majani. Vigari vilimkuta kwenye kona, akafa, nami nikakua bila mama.