Yowe la Mazoezi

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema ili msomaji asipoteze muda kumtafuta mwingine. Mimi ni mzaliwa wa Kisaka. Nimekulia kwenye boma la ng'ombe, na kabla sijajua kuandika jina langu nilikwishajua kwamba yowe likipigwa, mwanamume anaacha chakula, anashika kilicho karibu na mkono, anakimbilia kule sauti inakotoka. Haulizi. Atauliza akifika. Asiyetoka ataulizwa yeye kesho yake, mbele ya watu.

Pamoja na kuyajua yote hayo, alasiri moja karibu na Nyamongo nilimwambia binti wa watu apige yowe.

Ilikuwa miaka ya rashi, mbio za kukimbilia dhahabu. Kila mwenye miguu alikuwa ameifuata: wachimbaji, wauza chapati, mafundi simu, bodaboda wasiohesabika. Koo mbili zinazotenganishwa na mto mdogo, ambazo zamani ziligombania ng'ombe, sasa ziligombania mawe, yaani yale mawe yenye dhahabu ambayo vijana huyabeba kwenye viroba kwenda kuyasaga. Kiroba kimoja kikipotea, ukoo mzima ulikuwa tayari kutoka na mapanga. Mimi niliajiriwa kuwafundisha vijana ishirini, kumi kila upande, namna ya kumaliza ugomvi kwa maneno. Nilipewa kitabu chenye picha za watu wanaotabasamu, boksi la chaki na ghala tupu la mahindi upande mmoja wa mto.

Miongoni mwao alikuwamo binti wa upande huo wa ghala, mwenye sauti ndogo hadi inakera. Nakiri, ilinikera. Akisimama kujibu, wote tulisogea mbele kama watu wanaosikiliza redio iliyoishiwa betri. Kwa wiki sita nilimwambia jambo moja tu: paza sauti. Kutoka ng'ambo alikuja kijana mrefu, mbeba mawe, mtu wa utani, aliyeingia darasani na vumbi hadi kwenye kope. Kila akivuka mto ilibidi amwambie mama yake atarudi saa ngapi, na mwanamume mzima yule alimwambia.

Kitabu kilisema: igizeni mgogoro wa kwenu. Vijana wakachagua wizi wa mawe bila kufikiri mara mbili. Kijana awe mwizi anayeondoka na kiroba, binti awe mwenye kiroba, ajitupe chini kana kwamba amesukumwa, wengine wawe wasuluhishi. Ghala lilikuwa na joto, tukatoka nje. Mara ya kwanza binti alisema "mwizi" kana kwamba anaomba chumvi kwa jirani. Mara ya pili hivyo hivyo. Nikapandwa na hasira.

"Hivi ukiibiwa kweli utalia hivyo? Piga yowe, mwanangu! Piga kama ng'ombe wa baba yako wanaondoka!"

Akapiga.

Sijui sauti ile alikuwa ameificha wapi. Ilipanda, ikakatika, ikapanda tena, vilevile inavyotakiwa. Vijana wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, mjinga mimi, nikamwambia hongera. Makofi hayajaisha tukasikia yowe likijibiwa mlimani, kisha kwenye njia ya mashine za kusagia mawe, kisha kila mahali.

Wa kwanza kufika alikuwa baba yake binti. Aliitambua sauti ya mwanawe akiwa shambani, akaja na panga alilokuwa akifyekea. Alichokiona ni hiki: binti yake yuko chini, vumbi kichwani, na kijana wa ng'ambo amesimama karibu yake na kiroba begani. Nyuma ya mzee walikuwa wanatokea wengine, mmoja na upinde. Kijana hakukimbia. Angekimbia angekufa, na alilijua hilo.

Mimi, mwalimu wa amani, mwenye kitabu kizima cha maneno, nilisema, "Jamani." Nikaongeza, "Jamani, jamani." Hayo ndiyo yote niliyokuwa nayo.

Aliyeinuka ni binti. Alijiweka kati yao, akampa kijana mgongo, akamtazama baba yake usoni, akasema kwa ile sauti yake mpya:

"Tata, yowe ni langu! Hakuna kilichoibwa."

"Amekugusa?"

"Hajanigusa, tata. Tunaigiza. Mwalimu aliniambia nipaze sauti."

"Mnaigiza?" Panga lilikuwa bado juu. "Yowe linaigizwa, wewe?"

"Tumekosea. Humo kwenye kiroba ni magunzi tu. Mwache afungue uone."

Kijana alikishusha kiroba polepole, akakifungua, na magunzi ya mahindi yakamwagika miguuni pa mzee. Aliyatazama, akalishusha panga. Kisha akakaa juu ya magunzi hayo hayo, akawa analia na kucheka kwa pamoja.

"Nimekimbia nikijua nakuja kuzika mtoto," alisema.

Wengine hawakulainika upesi. Nilitukanwa siku ile kwa Kiswahili na kwa Kikurya, na yote nilistahili. Mmoja alitaka nifikishwe kwenye ritongo, baraza la wazee, nijieleze. Nilipiga magoti nikaomba radhi. Mwisho yule mwenye upinde, bado anahema, akasema hakuushuka mlima wote ule ili arudi bure, tuumalizie huo mchezo auone. Wakaketi. Tukaumaliza. Wasuluhishi walisahau nusu ya maneno yao na wazee wakawasahihisha, na mwenye upinde akalalamika kwamba mwizi wa kweli habebi kiroba namna ile.

Jua lilipoanza kushuka, kijana akawa haondoki. Hakusema anaogopa. Alisema anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili. Njiani kulikuwa na watu waliosikia yowe na ambao bado hawajasikia kuwa lilikuwa mazoezi. Baba yake binti akasimama, akajipangusa matako.

"Twende, mura. Nitakuvusha mimi."

Mura ndivyo kijana wa kiume anavyoitwa kule, na alilitamka kwa upole. Hata hivyo nilipowaona wakiteremka mtoni, kijana mbele, mzee nyuma yake na lile panga mkononi, moyo wangu haukutulia. Kipindi kilichofuata kilikuwa baada ya siku mbili.

Siku hiyo nilifika ghalani wa kwanza. Akaja binti, wakaja wengine. Kijana alikuja mwisho kabisa, na vumbi lake. Nilimfokea kwa kuchelewa, kisha nikageukia ubao ili wasinione nikilia. Mungu wangu, nilifurahi! Nilipoweza kusema nikamuuliza ilikuwaje.

"Tulipofika kwetu, mama aliona mtu wa huku yuko nyuma yangu na panga. Akafungua mdomo."

"Akapiga yowe?"

"Hakuwahi. Nilimpa mzee mgongo, nikasimama kama alivyosimama huyu." Alimwonyesha binti kwa kidevu. "Nikamwambia, mama, usipige, huyu yuko na mimi. Basi mzee akapewa uji, wakazungumza mambo ya mvua."

Binti alikuwa amekunja uso.

"Na panga? Tata alirudi mikono mitupu. Tukimuuliza anasema hakumbuki alipoliacha."

"Liko kwetu. Alilisimamisha mlangoni alipokuwa anakunywa uji, akaondoka. Mama analikatia kuni."

Nilimfikiria mzee yule akirudi kupitia upande wa watu aliowaogopa maisha yake yote, peke yake, bila kitu mkononi.

"Mwambie mama aendelee nalo," binti alisema, na hakuna aliyelazimika kusogea mbele ili amsikie.