Darasa la Kiarabu Msibani Masoko

Baba alitaka nijue Kiarabu kwa sababu ya Dubai. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye kibanda Tukuyu mjini alikuwa anaota Dubai: redio, saa, vitenge, mali yote duniani ilikuwa inatoka huko. Yeye alipunguzwa kazi kiwanda cha chai, akaanza kuuza mitumba, akaona mwenzetu mmoja wa msikitini ametafutiwa mtoto wake ufadhili wa kusoma Sudan. Akaniombea na mimi. Kwamba Sudan si Dubai halikumsumbua. Kiarabu ni Kiarabu, alisema, ukishajua utaongea na matajiri wenyewe, sisi tutaacha kulanguliwa na watu wa Mbeya.

Basi nikaenda. Kwa kuwa sikujua hata kuomba maji, waliniweka darasa la watoto. Nina ndevu tatu kidevuni, nimekaa na vitoto vinavyong'oka meno, magoti yangu hayaingii chini ya dawati. Hilo ningelivumilia. Joto ningelivumilia, na maharage ya kila asubuhi. Lililonimaliza ni kwamba sikuweza kumchekesha mtu. Mimi, ambaye Tukuyu nilikuwa natolewa darasani kwa sababu mwalimu mwenyewe ameshindwa kujizuia! Kule nikitaka kusema kitu cha kuchekesha, mpaka nimalize kukipanga kichwani, wenzangu wameshahamia mazungumzo mengine. Bwenini walinipa jina: Mpole. Walifikiri ndivyo nilivyozaliwa.

Baada ya miaka miwili nikaja likizo, nimeshaamua. Sirudi. Kilichobaki ni kumwambia baba tu. Lakini kila nikifungua mdomo, anaingia mteja, na baba anamwambia, "Huyu ndiye kijana wangu wa Uarabuni," na mteja ananitazama kama mtu aliyeshuka na ndege pale pale mlangoni. Namwambia vipi baada ya hapo?

Wiki yangu ya mwisho, bibi mzaa baba akafariki. Alikuwa Mkristo, kama ukoo wetu wote pale kijijini Masoko; sisi wa nyumba ya baba tu ndio Waislamu. Kwaya iliimba, mchungaji akazika, mvua ikanyesha kama kawaida yake. Ng'ombe alichinjwa na baba, ili watu wote wale chungu kimoja.

Tulipotoka kaburini, mtoto wa shangazi akaanza. Kwetu mtoto wa shangazi ni mtani wako, na msibani mtani ana ruhusa ya kumkejeli yeyote, hata mfiwa, na hakasirikiwi. Kazi yako ni kujibu. Binti yule ni rika langu na tangu utotoni nilikuwa namshinda kwa utani. Alijifunga shuka jeupe kichwani, akasimama mbele ya chungu cha nyama na upawa mkononi.

"Ugonile, Mwarabu wa Masoko!" alinisalimia kwa kelele. "Mnamwona? Bibi alimlea kwa ndizi, sasa anataka tende!"

Wamama wakacheka. Nikatafuta jibu. Bibi alikuwa chini ya udongo na mimi nimesimama kama bwenini, Mpole.

"Jamani, wamemkata ulimi huko! Mtani, hupati nyama leo. Kwanza tuambie, miaka miwili yote wamekufundisha nini?"

Sijui ilitoka wapi. Nilikwenda nikakaa chini kwenye majani, katikati ya watoto wadogo waliokuwa wanasubiri chakula, nikakunja magoti mpaka masikioni. Nikanyoosha kidole. "Ustadhi," nikasema kwa sauti nyembamba, "naomba kwenda chooni." Halafu nikageuka nikawa kile kitoto cha mbele kinachonisahihisha kila siku, mikono kiunoni. Halafu nikawa ustadhi mwenyewe, na kipande chake cha mpira wa maji, ananizunguka hajui anipige wapi kwa urefu wangu. Watu walikuwa wanaanguka. Bibi mmoja, rafiki wa marehemu, alijifuta machozi kwa kanga akasema, "Ndaga fijo, asante sana mwanangu, umetupumzisha."

Nami nikapata nguvu. Nikasimama. "Na sirudi ng'o!" nikasema. "Aende baba akakae na wale watoto, Dubai anaitaka yeye!"

Hapo ndipo walipocheka zaidi. Baba pia alicheka, kisu cha kuchinjia bado mkononi. Mtani wangu akanijazia bakuli. "Huyu sasa ndiye wa kwetu," akasema. Nilikula ile nyama nikijua nimeshasema, mbele ya ukoo mzima, na hakuna hata mmoja aliyesikia.

Kesho yake asubuhi tulikuwa wawili dukani, tunafungua robota la makoti. Hakukuwa na mtani wala chungu.

"Baba," nikasema, "yale ya jana yalikuwa ya kweli. Sitaki kurudi."

Akacheka. "Wewe mtoto wewe! Bibi yako alikuwa anasema utaniua kwa kicheko."

"Sitanii, baba. Sirudi."

Akacheka tena, lakini mikono yake iliacha kukunjua. Alinitazama, koti la mtu asiyemjua limemlalia magotini, na mdomo ulikuwa unacheka peke yake. Macho yalikuwa yananiomba. Alitaka iwe utani. Nilimwona anavyosubiri, kama mimi nilivyokuwa nasubiri kule bwenini, mtu mmoja tu acheke.

Nikacheka.

Akashusha pumzi. Tukacheka wote wawili katikati ya mitumba, kwa muda mrefu kuliko kulivyokuwa na cha kuchekea, mpaka akaingia mwanamke kutoka Kawetele akauliza bei ya koti, na baba akamwambia mimi ni nani.