Jina la Kwanza Kwenye Lile Jiwe

Jamani, lile jina nililichonga mimi, na nililifuta mimi. Niacheni niwaeleze.

Mimi ni fundi wa mawe ya makaburi. Mwaka jana kamati ya mtaa ilinipa kazi ya jiwe la kumbukumbu: watu sitini na wawili waliouawa ghalani wakati wa vita. Walichomwa moto, mlango umefungwa.

Orodha ilikusanywa nyumba kwa nyumba, kila familia ikitaja wafu wake. Mama akamtaja baba yangu.

Nikamweka wa kwanza, nikamchonga ndani kuliko wote. Aliniacha tumboni, sikumjua. Nililia huku nagonga patasi, sioni aibu kusema.

Siku ya uzinduzi kitambaa kikavutwa, watu makofi. Bibi mmoja, fundi cherehani, aliyepoteza wanawe watatu mle ghalani, akasogea, akasoma, akalitemea mate jina la baba.

Damu ikanichemka. "Bibi! Baba yangu amekukosea nini?"

"Muulize mama yako nani aliyetia kufuli. Mimi nilikuwa nimetoka mle kuwatafutia wanangu maji. Nilimwona kwa macho haya."

Nikageuka. Mama alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mama?"

"Alikuwa mlinzi wa ghala," akasema. "Aliwaambia watu waingie, watakuwa salama. Kisha akawafungia. Wanajeshi walipomaliza, wakampiga risasi na yeye."

"Na ukamwandikisha?"

"Nilitaka na wewe uwe na baba, mwanangu."

Mwenyekiti wa kamati akaninong'oneza: "Achana nalo, kuna wageni."

Wageni kitu gani! Nikafuata nyundo na patasi garini, nikalitwanga lile jina mbele ya kamera mpaka likabaki shimo. Nikadhani nimemaliza.

Thubutu!

Juzi nimepita pale. Wanafunzi wamejipanga, mwalimu anawaonyesha shimo langu. "Hapa ni pa shujaa asiyejulikana. Huyu tunamheshimu kuliko wote."

Maua yote yako chini ya shimo. Kwa wale watoto watatu wa yule bibi, hata jani.

Nikamweleza mwalimu ukweli. Akanitazama kwa huruma. "Fundi, kamati ndiyo iliyotuandikia maelezo haya."

Ndugu zangu, jiwe halijui kitu. Linasema lile aliloambiwa fundi. Kama kwenu yupo aliyeona, kaeni naye leo hii, mumuulize.

Yule bibi bado yupo, anashona. Miaka yote hiyo hakuna aliyekwenda kumuuliza aliona nini, na mimi mwenyewe nimeanza jana.