Mashine Iliyogoma Kuzima

Mama alipopata kiharusi na kulala kitandani, mimi ndiye niliyebaki naye nyumbani kwetu Chukwani. Asubuhi nilikwenda kusomesha, jirani akanishikia. Nikirudi, zamu yangu inaanza. Kazi kubwa ilikuwa mashuka. Kiangazi niliyaanika uwani, yakakauka upesi. Masika yalipoingia yakawa yanashinda kwenye kamba ukumbini, yananuka uvundo, na ngozi ya mama ikaanza kuchubuka.

Dada yangu mkubwa, ambaye kazi yake ni udobi katika hoteli moja ya Kendwa, akatuletea mashine ya kukaushia nguo ambayo hoteli ilikuwa haiitaki tena. Mumewe akatoboa ukuta wa stoo, akapitisha bomba la kutolea hewa ya moto nje, wakarudi zao. Mwanzoni nilimwombea dua dada kila nikitoa shuka lenye joto.

Kisha mashine ikagoma kuzima. Ilitakiwa ijizime yenyewe nguo zikikauka. Naiwasha, naenda kumlisha mama uji, namgeuza, namsugua mgongo. Nikirudi, bado inazunguka, na kile kitufe cha saa kimeganda palepale nilipokiacha. Nikifungua, shuka ni la moto lakini bichi. Nikapunguza nguo, nikasafisha chujio la mlangoni. Wapi! Mwisho wake ilikuwa ni kuchomoa plagi.

Siku moja mama, ambaye maneno yake yalikuwa yamebaki machache, aliuliza kutoka chumbani, "Nani anasaga?"

"Mashine, mama."

"Mwambie apumzike."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikalia. Nilipomaliza nikampigia dada simu.

"Mashine yako imenishinda. Njoo uichukue."

"Imefanya nini?"

"Haizimi. Na mimi nshachoka."

"Ijumaa sendi kazini. Nnakuja."

Alikuja ameroa kwa mvua. Akambusu mama mkono. "Shikamoo, mama." Mama akajikakamua, "Marahaba." Halafu dada akatoka nje, akaweka kiganja mbele ya tundu la bomba, akaniita niwashe.

"Hapa hakutoki hata pumzi," alisema. "Izime."

Tuliivuta mashine kutoka ukutani, tukalichomoa bomba. Lilikuwa limepindwa vibaya nyuma, na pale kwenye pindo pameshindiliwa nyuzi na manyoya ya nguo, yamelowa na kugandana kama sufi ya godoro bovu.

"Unyevu hauna pa kutokea, unarudi kwenye nguo," alisema dada. "Mashine inangoja zikauke, nazo hazikauki. Itajizimaje? Na moto huu ungeweza kutuunguzia mama."

Tulilichokoa bomba kwa mpini wa fagio uliofungwa kitambaa, tukalikata liwe fupi, tukalinyoosha. Tukatia mashuka, tukawasha. Nje mvuke ukaanza kutoka.

"Nenda kajinyooshe," aliniambia.

"Mama hajageuzwa."

"Ntamgeuza mimi."

Alikaa chumbani muda mrefu. Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa amekiona kidonda kilichomtoka mama kiunoni.

"Kwa nini hukunambia?"

"Hukuniuliza. Ukipiga simu unauliza mama anakula, nakwambia anakula."

Tulikaa sakafuni, kila mtu ameegemea ukuta wake. Mashine ikalia kengele, ikanyamaza yenyewe. Hakuna aliyeinuka.

Tangu hapo kila akipata mapumziko huja kukaa na mama. Kidonda kilichukua muda kufunga, na mama hakurudi kusimama. Kazi ni ileile. Lakini mara ya kwanza alipokuja hivyo, nilitoka skuli, nikajilaza kidogo tu nipumzishe mgongo. Niliamshwa na adhana ya isha, buibui bado mwilini, alasiri na magharibi zimenipita, na dada kanifunika shuka.